Mguu wa Dereva Shomari

Wiki ya pili baada ya mimi kustaafu na kukabidhi funguo za kabati la spana, fundi mmoja niliyemfundisha mwenyewe alikuja kwangu Mabawa, hapa Tanga, na swali. Gari la mteja linashika breki za mbele lenyewe. Limeletwa gereji mara mbili, na kila likiletwa magurudumu yanazunguka vizuri. Nikamuuliza yeye anadhani ni nini.

"Dereva tu, mzee. Anaendesha mguu juu ya pedeli."

Nikamuuliza kama amemwona. Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Alipoondoka nikachukua daftari, nikaanza kuandika haya kwa ajili yake na wenzake, maana kosa lile nililifanya mimi kabla baba zao hawajaoa, na sioni sababu ya wao kulirudia kwa gharama yao.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika gereji ya Fundi Kibwana pale Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Sikuingia kwa kupenda magari. Niliingia kwa sababu nilikuwa nasoma Kiingereza kidogo, na Fundi Kibwana alikuwa na vitabu vya magari ambavyo hakuweza kuvisoma. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mfupi, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo wateja waliyacheka mpaka siku wanapoyahitaji. Aliweza kusimama mlangoni, gari lipite barabarani, akasema: "Yule beringi ya nyuma kulia. Atarudi Jumatatu." Na kweli alirudi, ingawa mara nyingine ilikuwa Jumanne.

Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kikombe cha bati chenye mafuta mepesi, akaniambia ninuse.

"Ni nini?"

Nikanusa. Nikakumbuka kijiko, na mama akinibana pua. "Mbarika," nikasema. "Mafuta ya mbarika, ya kusafishia tumbo."

"Ndiyo mafuta ya breki," akasema. "Wazungu wanayachanganya na spiriti, wanayatia kwenye kopo zuri. Sasa nenda katafute kwa nini ni mbarika, si mafuta ya injini."

Nilidhani ni mzaha wa kumpokea mgeni. Haukuwa mzaha, hakunipa kazi nyingine siku ile. Mwisho nikachukua chupa mbili, moja nikaitia mafuta ya breki, nyingine mafuta ya injini, na kila chupa nikaitia kikombe kidogo cha mpira kutoka kwenye silinda ya breki. Baada ya siku nne mpira wa chupa ya kwanza ulikuwa vilevile. Wa chupa ya pili ulikuwa umevimba na kulegea kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai. Nikampelekea. Akautazama, akautupa.

"Sasa hutasahau," akasema. "Ningekwambia, ungesahau."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Hakupenda kusema jambo ambalo ungeweza kuliona mwenyewe. Na jambo ambalo yeye hakuliona, alisema "sijui", mbele ya mteja yeyote, hata mteja awe amevaa suti. Mimi niliona aibu kwa niaba yake. Nilikuwa na vitabu, na vitabu havisemi "sijui".

Kesi ninayotaka kuieleza ilitujia miaka michache kabla ya Uhuru. Mteja wetu mmoja alikuwa Bwana Seif, mwenye mashamba ya minazi kule Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, wa ukoo wa Kiarabu uliokaa pale tangu enzi za babu zao. Alikuwa na gari la saluni jeusi, zito, alilolipenda sana. Lakini kwenda Mwera kutoka Tanga lazima uvuke mto kwa pantoni, na kuingia pantoni lazima uteremke mteremko mpaka majini. Breki za zamani zilikuwa za dramu: viatu viwili vimekaa ndani ya chungu cha chuma, ukikanyaga vinatanuka na kukibana chungu kwa ndani. Zikiingia maji, hazishiki. Msimu mmoja wa masika gari la Bwana Seif liliteremka mteremko wa Bweni, kivuko cha upande wa Mwera, bila kusikia breki, likasimama maji yakiwa yamefika kwenye taa za mbele. Bwana Seif alitoka kwa dirisha, akiwa amekishika kilemba chake.

Baadaye akasikia kwamba kuna gari jipya la aina ileile, toleo la karibuni, limeangukiwa na mti njia ya Mombasa, na kwamba lilikuwa na breki za diski. Akanunua sehemu yake yote ya mbele na kutuletea kwenye gari la mizigo.

Sisi wote tulikuwa hatujawahi kuziona. Gereji nzima ilikusanyika. Sahani ya chuma inazunguka pamoja na gurudumu, wazi kabisa, upepo unaipiga. Na juu yake kalipa, kama mkono wenye vidole viwili, ndizo pedi, vinavyoibana sahani huku na huku. Hakuna springi za kurudisha, hakuna chungu. Maji yakiingia, sahani inayatupa yenyewe. Fundi Kibwana alikaa juu ya tairi, akaizungusha sahani kwa kidole asubuhi nzima kama mtu aliyepewa kitu cha kuchezea.

Tulizifunga kwa siku sita. Mbele diski, nyuma tukaacha dramu zilezile. Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli, tuliibakiza ya zamani, lakini kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa tuliifungua, tukaiosha kwa spiriti, tukaitia mipira mipya yote. Nilijivunia sana usafi wa kazi ile. Tukatoa upepo ndani ya mabomba ya breki, gurudumu baada ya gurudumu, kuanzia la mbali, mpaka pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Dereva wa Bwana Seif, Mzee Shomari, alikanyaga mara ya kwanza akasema inataka mguu wa mtu aliyekula. Kweli, dramu hujivuta yenyewe ikishaanza kubana, diski haikusaidii. Lakini ilisimamisha gari lile kama ukuta.

Mzee Shomari alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mkimya, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko gari. Alikuwa ameendesha miaka mingi bila kumgonga hata kuku.

Baada ya wiki tatu walirudi. Mzee Shomari aliingia kwanza.

"Gari linajishika," akaniambia.

"Linajishika vipi?"

"Likiwa baridi halina neno. Tukifika Kigombe linakuwa zito, kama linavuta jahazi. Magurudumu ya mbele yanatoa harufu."

Fundi Kibwana hakuwepo, alikwenda mazikoni Muheza. Gari lililala kwetu. Asubuhi nikalipiga jeki, nikazungusha magurudumu kwa mkono. Yalizunguka. Nikakanyaga breki nikaachia, nikazungusha tena: pedi zilikuwa zinagusa diski kidogo, lakini nilikuwa nimesoma mahali kwamba pedi za diski hugusa kidogo, ndivyo zilivyo. Nikazipima. Zilikuwa zimelika nusu kwa wiki tatu.

Bwana Seif alikuja saa nne, akasimama mlangoni na fimbo yake ya mkwaju.

"Fundi Hemedi," akasema, "kosa la gari au la mtu?"

Mzee Shomari alikuwa nyuma yake. Alinitazama. Nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na mtu mkubwa ameniita fundi.

"La mtu, bwana," nikasema. "Pedi haziliki hivi bila kukanyagwa."

Siku nane baadaye Bwana Seif alikuja peke yake, akiendesha mwenyewe, amejaa vumbi, na mbele ya gari panafuka. Alikuwa amemfukuza Shomari. Moshi ulianza tangu hawajafika kivukoni, akasema, akamwambia ateremke. Nikamuuliza kama gari lilikuwa zito alipokuwa akiliendesha yeye. Lilikuwa zito njia nzima, akajibu, kwa kuwa Shomari alikwishaziunguza breki. Mtu akishahukumiwa, hata moshi wa kesho ni wake. Akatuachia gari tuagizie pedi Mombasa, akaenda kutafuta dereva mwingine.

Jioni ile nilimweleza Fundi Kibwana yote. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni na mchanga.

"Ulimwona mguu wake?" akauliza.

"Hapana. Lakini pedi..."

"Pedi ina ulimi?"

Nikamshikia taulo.

"Mimi sikuwepo, kwa hiyo sijui," akasema. "Wewe ulikuwepo, na hujui vilevile. Tofauti yetu ni kwamba wewe umesema." Akachukua taulo. "Na kama si mguu wake, atakayekuja baada yake atateremka Bweni na mafuta yanayochemka ndani ya bomba. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke haubani kitu. Pedeli itakwenda chini kama inakanyaga uji."

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Mzee Shomari, Barabara ya Kumi na Nne. Nilimkuta uani, amekaa juu ya mkeka, anashona mkanda wa kiatu cha mtoto wake. Nikampa shikamoo. Aliitikia, kwa sababu shikamoo huitikiwa.

"Umekuja kutaka nini?"

"Mzee, nataka uendeshe gari lile tena. Mpaka Kigombe na kurudi. Nataka kuuona mguu wako."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Ulipousema hukutaka kuuona."

"Ndiyo."

"Sasa unataka."

"Ndiyo, mzee."

Alishona mishono mingine mitatu, taratibu. Nilihisi jua limenikalia shingoni. Mwisho akasimama, akaingia ndani kuvaa shati lake la kazi.

Pedi mpya zilikuwa bado hazijafika. Za zamani zilikuwa na unene wa kututosha kwa safari ile. Tuliondoka yeye na mimi. Mimi sikukaa kitini. Nilikaa chini, upande wa abiria, mgongo kwenye mlango, kichwa chini ya dashibodi, macho kwenye pedeli. Kabla ya kutia gea alivua kiatu cha kulia na soksi, akaviweka kando.

"Usije ukasema hukuona vizuri," akasema.

Tulipofika Tongoni alikanyaga breki mara moja, kwa ajili ya ng'ombe. Nilihesabu: mara moja. Baada ya hapo mguu wake haukuigusa pedeli ile tena. Alipunguza mwendo kwa gea, na mguu ukawa ama kwenye pedeli ya mafuta, ama umetulia sakafuni. Ninaukumbuka mguu ule mpaka leo, kovu dogo juu ya kidole gumba na vumbi likiingia kati ya vidole. Mashamba ya katani yalipita nje, safu baada ya safu, nisiyaone. Gari likaanza kuwa zito. Nililisikia kupitia sakafu, kama mtu anayevutwa shuka kwa nyuma. Halafu harufu.

"Sijakanyaga," akasema.

"Najua, mzee. Naona."

Alisimamisha kwa breki ya mkono. Niliteremka nikagusa gurudumu la mbele, nikauondoa mkono haraka. Nikapiga jeki. Gurudumu lilizunguka kwa taabu. Nikachukua spana, nikalegeza skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, bila mtu kukanyaga kitu, bila mtu hata kukaa ndani ya gari.

Mafuta yaliruka, yakanipiga shavuni.

Nikazungusha gurudumu. Lilikuwa jepesi.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kulikuwa na aibu, lakini juu ya aibu kulikuwa na kitu kingine, ile hamu ya mtoto anayesikia kitu kinatikisika ndani ya boksi lililofungwa. Nani anayabana mafuta haya, ikiwa si mguu? Nikamwomba Mzee Shomari akanyage mara moja na kuachia. Nikalegeza skrubu tena. Yakaruka tena. Nikaenda gurudumu la nyuma, vivyo hivyo. Kitu ndani ya mabomba kilikuwa kinakataa kuyaachia mafuta yote yarudi. Mzee Shomari aliinama pembeni yangu akatazama, mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna.

"Kwa hiyo gari linakanyaga lenyewe," akasema.

"Linakumbuka ulichokanyaga," nikasema. "Halisahau."

Tulirudi polepole, tukisimama mara mbili kuyatoa mafuta yaliyobanwa. Fundi Kibwana aliifungua masta silinda juu ya gazeti. Mwishoni kabisa mwa silinda, pale mafuta yanapotoka, palikuwa na valvu ndogo isiyozidi kifungo cha koti, ina mpira na springi. Aliishika kwenye kiganja muda mrefu.

"Hii tumeitia mpira mpya kwa mikono yetu," akasema.

Kazi yake ilikuwa kubakiza mkandamizo kidogo ndani ya mabomba hata mguu ukiondoka. Dramu inauhitaji, ili mipira ya silinda ndogo za magurudumu ikae imetanuka na isinyonye hewa. Na haiudhuru, kwa kuwa viatu vyake vina springi kali za kuvivuta nyuma. Diski haina springi. Mkandamizo huohuo mdogo unatosha kuzilaza pedi juu ya sahani, zikasugua, zikapasha moto, kilomita baada ya kilomita. Gari likilala, mafuta yanapoa, yanapungua, magurudumu yanakuwa mepesi, na fundi wa asubuhi anasema ni mguu wa mtu. Na kadiri tulivyoifanya kazi yetu kwa uangalifu zaidi, ndivyo valvu ile ilivyobana zaidi.

Kwanza tuliitoa kabisa. Mbele pakawa pazuri, lakini baada ya siku moja pedeli ikawa ndefu. Dramu za nyuma zilikuwa zinanyonya hewa. Fundi Kibwana akachora sakafuni kwa chaki, akafuta, akachora tena. Mbele haiitaki, nyuma inaitaka. Basi iende nyuma. Tukampelekea mkereza vyuma mmoja kule bandarini kipande cha shaba, akatuchongea nyumba ndogo ya kuiwekea valvu ileile kwenye bomba la nyuma peke yake, baada ya njia panda ya mabomba. Tukafunga, tukatoa upepo, tukatia pedi mpya. Mzee Shomari aliendesha mpaka Pangani na kurudi, nami nikiwa nimekaa kitini safari hii, na tuliporudi niliweka kiganja kwenye gurudumu nikakiacha hapo.

Fundi Kibwana alitaka kumwandikia Bwana Seif barua.

"Si barua," Mzee Shomari akasema. "Atakwenda aliyesema."

Tulikwenda Mwera, Mzee Shomari na mimi. Bwana Seif alikuwa barazani na majirani wawili, wanakunywa kahawa. Mzee Shomari alibaki chini, karibu na gari. Nilisimama mbele yao, nikaeleza: valvu, mabomba, mguu niliouona kwa macho yangu bila kiatu tangu Tongoni. Nikasema kwamba nilipoulizwa nilijibu jambo nisilolijua, na mtu akapoteza kazi.

Bwana Seif aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo kosa lilikuwa la gari."

"Hapana, bwana. Gari lilifanya tulivyolifunga. Kosa letu."

Akafikiri. "Uliniambia kosa la mtu," akasema. "Hukukosea basi. Ulikosea mtu tu."

Majirani hawakucheka. Bwana Seif akaamka, akavaa makubadhi, akateremka mwenyewe ngazi zote mpaka kwenye gari. Sikusikia walichoongea. Niliona amempa Mzee Shomari mkono, na Mzee Shomari ameupokea, na wamekaa hivyo kitambo kuliko salamu ya kawaida. Halafu Bwana Seif akaja kuniambia kwamba Shomari atanirudisha mjini na kesho atakuwa kazini.

Tukaondoka. Katikati ya njia ya kwenda kivukoni, mahali pasipo na nyumba wala mti wa maana, mchanga na vichaka tu, Mzee Shomari akapunguza mwendo.

"Aliniteremsha hapa," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anayemwonyesha mgeni mipaka ya shamba. "Saa sita mchana. Nilikwenda kwa miguu mpaka Bweni."

"Ni mbali kiasi gani?"

Alitia gea ndogo. Alitazama mbele. Gari lilikuwa bado linatembea, polepole sana.

Nikafungua mlango. Akasimamisha, vizuri, bila mtikisiko. Nikateremka. Alinitazama mara moja kuona kama nina kofia, akaona ninayo, akatia gea akaenda.

Mchanga wa njia ile ni wa kuzamisha kisigino. Nilifikiri juu ya Mzee Shomari, juu ya alichokuwa anakifikiri yeye siku ile, kama alinifikiria mimi au alifikiria watoto tu. Viatu vilijaa, nikavivua, nikavibeba. Sikukutana na mtu ila mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni, aliyeniuliza kama gari langu limeharibika. Nikamwambia halijaharibika.

Nilipofika Bweni gari lilikuwa limesimama katikati ya mteremko, pua ikitazama mto, bila jiwe kwenye tairi. Mzee Shomari alikuwa amekaa ndani, milango wazi, anasafisha kucha kwa njiti. Nikaingia, nikakaa kitini nikihema, nikaweka viatu miguuni pangu.

"Pantoni mbili zimeondoka," akasema. "Nilikungoja."